Umande Si Jina la Mwanamume

Ndinda alijifungua mtoto wa kiume mwaka ule wa ukame, themanini na nne, wakati Zombe nzima, kijiji chao huko Kitui, ilikuwa ikila mahindi ya njano ya msaada na kuyatukana huku imejaza kinywa. Mkunga alikuwa mama mkwe wake, Kalunde, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Kulipopambazuka, Ndinda alitoka nje kunyoosha mgongo. Akakanyaga nyasi chache zilizosalia nyuma ya nyumba, akashtuka. Nyayo zake zilikuwa zimelowa. Miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kuuona umande. Aliinama akaugusa, akajipaka usoni, akacheka peke yake kama mtu aliyerukwa na akili. Kisha akarudi ndani akamwambia mtoto, "Wewe ni Umande."

Angekuwa na busara angesubiri mvua, amwite mtoto Wambua, yaani wa mvua, kama nusu ya wavulana wa kijiji, na mambo yaishe. Lakini mvua haikuwa imenyesha, na Ndinda, aliyekuwa akifundisha nasari ya kanisa, alikuwa na ule ugonjwa mbaya wa kusema kweli.

Siku ya kumpa mtoto jina, wazee wa ukoo walifika wakiwa na fimbo zao na njaa zao. Mwenye boma, baba mkwe wake Kiilu, alikuwa ameshaandaa jina. Jina lenyewe lilikuwa Kiilu. Desturi ni desturi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Ila wana watatu wakubwa wa mzee walikuwa wameshaitimiza desturi hiyo, kila mmoja kwa mvulana wake. Ulipoita "Kiilu!" pale bomani waligeuka watu wanne, akiwemo mzee mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyekuja. Mzee hakuona kwa nini wasiwe watano.

Kwa heshima ya Kikamba, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani ana kwa ana. Kwa hiyo Kiilu alikaa chini ya paa la jikoni, Ndinda akakaa mlangoni kwake, hatua chache tu, na Kalunde akawekwa katikati kama waya wa simu.

"Kalunde," mzee alisema kwa sauti iliyosikika mpaka mtoni, "mwambie mke wa mwanangu Mutie kwamba umande ni kitu cha kike."

"Anasema umande ni kitu cha kike," Kalunde alisema bila kugeuka.

"Mwaitu, mwambie Nau kwamba umande hauna uke wala uume," Ndinda alijibu, akiwaita mama na baba kwa Kikamba. "Unaangukia mbuzi jike na beberu."

"Umesikia," Kalunde akamwambia mumewe.

Hapo mdogo wake Kiilu alikohoa na kuomba nafasi. Mzee huyu aliitwa Mbiti, maana yake fisi. Wazazi wake walikuwa wamezika watoto wawili kabla yake, wakampa jina hilo ili kifo kimdharau, na kifo kikamdharau kwa miaka sabini na kitu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama fisi ni jina linalomfaa binadamu.

"Umande ni laini," alisema Fisi. "Jua likitoka, kwisha. Mwanamume wa namna hiyo ataoa nani?"

Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakimwonea huruma msichana ambaye hajazaliwa.

Mutie, mume wa Ndinda, alikuwa karani wa ofisi ya maji huko Kitui, na kwa kuwa mwaka ule maji hayakuwapo, alikuwa na nafasi ya kuja nyumbani. Alipoulizwa, alisema baba yake alikuwa na hoja, na mke wake pia alikuwa na hoja. Kisha akaenda kuangalia mbuzi. Mchungaji naye alitoa maoni: Umande si jina la Biblia, kwa hiyo yeye angependekeza Stanley.

Ndinda alikataa Stanley. Alikataa Kiilu wa tano. Kila jioni alimnyonyesha mtoto akimwita jina lake kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzee alipoona hivyo, aliamua kwenda kwa wenye lugha ya Kiswahili. Alipanda gari hadi Kitui mjini, akaingia kwenye duka la vitambaa la Faki, mtu ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Alirudi jua likiwa limeelemea magharibi, uso umekunjamana, hata maji aliyopewa hakunywa.

"Kalunde! Mwambie huyo mwalimu wako kwamba nimeuliza. Faki ameniambia kwamba watu wasiosoma wanaitwa waliokimbia umande. Wanaogopa kulowa asubuhi wakienda shule, basi wanakimbia!" Alivua kofia. "Sasa nimejua. Anamwita mtoto hivyo ili kila siku anikumbushe kwamba mimi sikusoma."

Kalunde safari hii hakupeleka ujumbe wowote. Hapakuwa na haja.

Ndinda aliwafundisha watoto nyimbo na namba, lakini msemo huo hakuwahi kuusikia. Na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja ni kwamba Kiilu hakuikimbia shule yoyote. Alikuwa ametolewa darasani na baba yake akachunge ng'ombe, akalia njia nzima. Sasa mzee mzima alikuwa amekaa na kofia yake magotini, akiamini kwamba ametukanwa kupitia kwa mtoto mchanga.

Ndinda akafanya lisilofanywa. Alisogea hadi nyuma ya ghala, mahali ambapo hawangeonana, akasema mwenyewe, bila waya wa simu.

"Nau, sikuujua msemo huo. Asubuhi aliyozaliwa nilikanyaga nyasi nikalowa miguu. Nilifikiri, kumbe Mungu hajatusahau. Ni hayo tu."

Mzee alikohoa, akavaa kofia yake, akaenda kulala mapema.

Hata hivyo hakukubali. Kukubali kungekuwa kushindwa mbele za watu. Wiki mbili nzima alimwita mjukuu wake "huyo mtoto," ingawa Kalunde alimfuma mara mbili akimbeba na kumnong'oneza.

Kilichomaliza kesi hiyo si hekima ya mtu. Ni jirani yao, Ndululu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akigombana na Kiilu juu ya mpaka wa shamba. Mke wa mwana wa Ndululu alijifungua msichana. Jumapili, mwisho wa ibada, Ndululu alitangaza kwa bashasha kwamba wamesikia jina zuri likizungumzwa kote kijijini, na mtoto wao ataitwa Umande.

Kiilu alisimama kabla mchungaji hajasema amina.

"Haiwezekani! Hilo ni jina la mjukuu wangu!"

"Wewe si ulisema ni jina la kike?" Ndululu aliuliza.

"Nani alisema? Umande unaamka kabla ya wanaume wote! Unalowesha nchi nzima bila kelele, hauogopi baridi. Hilo ni jina la kiume kabisa. Muulize ndugu yangu hapa."

Mbiti, aliyekuwa amesinzia, alifungua macho na kusema kwamba ndiyo, hata yeye alisema hivyo tangu mwanzo.

Ndululu hakurudi nyuma, kwa hiyo Zombe ikapata Umande wawili, wa kike na wa kiume, na hakuna aliyeyeyuka. Mvulana alibatizwa Umande Kiilu, maana Ndinda aliona kwamba Kiilu wa tano, akiwekwa nyuma, hatamdhuru mtu. Mzee alitembea naye sokoni akimwonyesha kila aliyesimama.

"Jina zuri," watu walimwambia. "Nani alilichagua?"

"Mimi," alisema Kiilu.

Ndinda, aliyekuwa amesimama mbali kidogo kama heshima inavyotaka, akiwa na kikapu kichwani, alimgeukia Kalunde. Kalunde aliangalia upande mwingine, mabega yakimtikisika kwa kicheko.