Upindo wa Sketi ya Kijivu

Mwalimu alinirudishia daftari akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba naandika Kiarabu kama hakimu na nakizungumza kama jiwe. Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana ilikuwa kweli. Kabla ya kuja nchi hii, nyumbani nilijifunza kusoma peke yangu, miaka minne na kamusi isiyo na jalada, bila mtu wa kunijibu. Sasa zilibaki wiki sita kabla ya mtihani wa mazungumzo. Anayefeli haingii chuo cha uuguzi. Anafungasha na kurudi kwao.

Simu za mama hazikusaidia. "Mwanangu, umeshaanza kusema?" aliuliza kila Ijumaa, kama anayeulizia mtoto mchanga.

Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kuzungumza nami. Muuza mkate alitazama mizani, dereva wa basi alitazama barabara. Chumbani nilikaa na dada mmoja wa kwetu, tuliyemwita Spika kwa kuwa hazimiki, naye alisema Kiswahili hata usingizini. Sikutulia. Nilihamisha kitanda hadi dirishani, kesho yake nikakirudisha ukutani. Jioni nilipita barabara ile ile mara tatu nikijifanya nina ninakokwenda.

Ndipo upindo wa sketi yangu ya kijivu ukafumuka, kweli kabisa, nikaingia kwa fundi cherehani jirani na kituo cha basi. Alikuwa mama wa makamo, peke yake na cherehani moja, subana kidoleni, mdomo haukauki. Alinikalisha kwenye stuli, akashona huku akisimulia: mabinti zake walioolewa mbali, goti lake, jirani anayeunguza kila anachopika. Kisha akaniuliza swali akangoja. Alingoja kwelikweli, sindano ikiwa hewani, mpaka jibu langu likatoka. Nilirudi chumbani na maneno kumi na manne mapya.

Yaliyofuata niliyafanya kwa mpangilio. Kila Jumapili alasiri nilichukua wembe nikafumua upindo mmoja. Kila Jumatatu nikaupeleka. Suruali, gauni, sketi ya kijivu tena. Kwenye daftari niliandika mada za kila wiki: watoto, maradhi, majirani.

Spika alinifuma na wembe mkononi. "We dada, nguo zimekukosea nini?"

Nikamweleza.

"Yaani unachana nguo ili ukapige soga? Si uende tu, umwambie nimekuja tuongee?"

"Kwa Kiarabu gani?"

"Haya, chana. Ila zangu usiziguse."

Jumatatu ya tano nilimkuta fundi amevaa miwani mizito, karatasi ya duka bado imebandikwa kwenye kioo. Hakusimulia kitu. Alinipa sindano. "Nitungie uzi, binti yangu." Nikatunga. Aliipakata ile sketi ya kijivu bila kuitazama.

"Hii nimeishona mara tatu," akasema. "Mikono yangu haishiki tena. Wewe unarudi kwa sababu una adabu. Wengine nadhani wanapeleka kwingine, hawaniambii." Daktari wa macho alimwambia ni umri tu. Binti yake mkubwa alimwambia auze cherehani akakae kwake. Mnunuzi angekuja Jumatano.

Nilielewa kila neno. Hata kusingizia lugha sikuweza. Nilinyakua sketi yangu, upindo ukining'inia, nikatoka.

Jumanne sikwenda popote. Niliandika maelezo ya kurasa mbili, irabu zote mahali pake, nikamtafsiria Spika.

"Hiyo barua ya waziri anayejiuzulu," akasema. "Nenda ukamwambie, mwanamke!"

Jumatano asubuhi nilitoroka darasa. Kurasa zangu nikaziacha kitandani. Nilimkuta fundi akiipangusa cherehani kwa kitambaa, kama anayemwogesha mtoto kabla ya safari. Niliweka sketi mezani, na juu yake wembe.

"Mama," nikasema. "Mshono wako mzuri. Mimi ndiye mbaya."

Akaacha kupangusa.

"Uzi haukukatika. Mimi nimekata. Kila Jumapili, kwa huu. Nilitaka kukaa hapa, wewe useme, mimi nisikie. Sina mtu mwingine."

Akauchukua upindo, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Uzi uliochakaa huacha manyoya. Huu ulikatwa safi. Nadhani angeliona tangu mwanzo, kama asingekuwa ameshajihukumu.

Kisha akaanza kunigombeza. Mtihani, wiki iliyofuata, niliufaulu kwa alama mbili tu juu ya kiwango, na maswali yake siyakumbuki. Ugomvi ule naukumbuka wote.

"Macho yangu nimeyapeleka kwa daktari kwa ajili yako! Usingizi sina! Nimemlilia binti yangu kwenye simu! Ungeniuliza tu!"

"Ningeuliza vipi? Sikujua kusema!"

"Kama unavyonijibu sasa hivi!"

Mwanamume mmoja akachungulia, akauliza kama hapa ndipo penye cherehani.

"Haiuzwi," akasema bila kugeuka, akaendelea kunisema.

Alipochoka alivua miwani. Alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akailenga sindano. Akakosa. Mara ya pili uzi ukapita. Akanishikisha sindano na sketi.

"Kaa. Leo unashona mwenyewe. Na unieleze huko kwenu nani alikufundisha ujinga huu."

Nilikaa. Nilishona nikisimulia, ya mama, ya Spika, ya kitanda kinachohama. Basi likapita, na lingine. Nilipomaliza alivuta upindo, akaupima kwa kidole gumba. Ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Fumua," akasema, akanisukumia wembe.