Manowari Iliyozama Kila Jumapili

Mtaa mzima wa Kaloleni haukuwa na mtu aliyejua vita vya baharini kumshinda Khavere. Bahari yenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, kwenye kalenda ya duka la Ruqiyo, na Ruqiyo akamwambia lile ni Ziwa Naivasha.

Lakini manowari aliijua. Ilikuwa manowari nyepesi ya Waingereza, ya kukimbia zaidi ya kupigana, yenye jina la mji wa kwao ambalo ulimi wa Khavere ulikataa kulitamka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilisindikiza meli za mizigo hadi ilipopasuliwa na kombora la nyambizi, ikazama na watu wake. Mmoja wao alikuwa kaka yake, Shiundu, mwosha sahani wa jikoni.

Serikali ilijua tu kwamba Shiundu aliandikwa kazi ya meli Mombasa. Baada ya hapo, kimya. Mengine yote Khavere aliyapata kwa jirani yake, Mzee Patrobas, mstaafu wa reli, aliyesema alikuwa jikoni humo humo na akaokolewa. Tangu ahamie mtaani, kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kuizamisha meli juu ya chai na mandazi. Mwaka mmoja ilikuwa na mabomba mawili ya moshi, mwaka mwingine matatu. Lilipoota la nne, Khavere alimwongezea sukari tu. Mtu aliyekunywa maji ya chumvi, alijiambia, huwezi kumdai mabomba.

Mwaka wa tisini na tano, Millicent, mke wa mwanawe, alijifungua mvulana, na Khavere akataka aitwe Shiundu. Kwao Maragoli jina la mtu aliye hai halivishwi mtoto. Ni kumchimbia mwenyewe kaburi. Na Shiundu hakuwa na kaburi. Kwa hiyo Jumamosi wangesafiri wakazike mgomba mahali pake, kama anavyozikwa mtu ambaye mwili haukurudi, na Patrobas angesimama mbele ya wazee aseme, "Nilimwona akifa." Bila shahidi hakuna mgomba, na bila mgomba hakuna jina.

Jumapili ya kabla ya safari ikafika, na Patrobas naye.

"Basi, dada, ikapiga puu!" akasema, andazi mkononi. "Meli ikalala ubavu kama mbuzi wa machinjioni Kiamaiko."

"Juzi ilizama kichwa kwanza."

"Ililala, ndipo ikaingiza kichwa. Kwani wewe ukilala hugeuki?"

Millicent akacheka, akamhamishia mtoto bega la pili. "Mzee, na yeye mwenyewe alikuwaje? Nataka kujua mwanangu anavaa jina la mtu wa namna gani."

Hilo Patrobas hakuwahi kuulizwa. Akachovya andazi kwenye chai.

"Mtu wa kicheko. Hata siku ile, maji yamemfika kifuani, alinigeukia akacheka. Naliona mpaka leo lile pengo la meno ya chini, kama langu hili. Ndipo maji yakamfunika."

Macho ya Millicent yakalowa. Khavere akaweka birika chini polepole. Zamani zao, kwa mila, kila kijana wa kwao aling'olewa meno ya chini. Ungemkisia yeyote wa rika lile pengo, na usikosee. Angeweza kunyamaza. Mabomba manne alikwisha kuyanyamazia, na mtoto angepata jina. Lakini wazee wangekuwa wanamzika nani? Pengine kuna mzee mahali, Mombasa au mbali zaidi, anayetafuna muwa saa hii bila habari.

"Patrobas, unajua kwa nini Shiundu alikimbilia Mombasa?"

"Kutafuta kazi, dada. Kama sisi sote."

"Alimkimbia mng'oa meno. Siku yake ilipofika alitoka alfajiri, na mimi ndiye niliyemfungia viazi vya njiani. Aliondoka na meno yake yote."

Patrobas akafungua kinywa ajibu. Pengo likaonekana, lake peke yake.