Wenyeji na Wapita Njia

Mwalimu Meshack aliingia bwawani viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini, nami nikabaki ukingoni nikiandika. Mimi maji siyajui. Sisi watu wa Endasak tunajua mlima, mahindi na maharage. Maji tunayajua ya kwenye ndoo. Yeye kwao ni Ukerewe, na tangu aletwe kufundisha shuleni kwetu alilisifia ziwa lake mpaka wanafunzi wakamwita Bwana Sato, kama samaki wa huko.

Wilaya ilitaka kujua ni mimea na viumbe gani wamo katika mabwawa madogo, na mwalimu mkuu akatutuma sisi wawili hadi bwawa la Dirma. Barua ya uhamisho wa Meshack ilikuwa imeshafika. Jumamosi angeondoka. Nilitaka aniambie kwamba angependa kubaki, basi. Kulitaka neno hilo sikuona haya. Haya ilikuwa kuliomba.

Alitaja, nikaandika: matete, ndago, yungiyungi, konokono, kereng'ende wekundu. Vyura tuliwasikia bila kuwaona, maana ukisogea tu wananyamaza kama darasa lililosikia mwalimu anakuja. Kisha akachota tope kiganjani, akalinusa, akafumba macho. Nikajua yuko kwao. Nililionea wivu lile tope.

Ndege tuliwagawa mafungu mawili: wenyeji, wanaokaa mwaka mzima, na wapita njia, wanaokuja na mvua kisha wakaenda zao. Bata bukini, mwenyeji. Yangeyange waliofuatana na ng'ombe, wenyeji. Korongo weupe kule mbali, wapita njia. Kazi ikaisha na neno langu bado sijalisema, nikalitoa kwa njia niliyoizoea, ya utani.

"Na wewe, Mwalimu, nikuandike wapi?"

Hakucheka. Alikaa kwenye jiwe akaanza kujifuta miguu kwa majani.

"Madam Letisia, kila siku unaniuliza narudi lini ziwani. Ofisini, paredi, hata kanisani. Mwisho nikasema basi, huyu dada amenichoka. Nikaomba uhamisho."

"Nilikuwa nakutania."

"Kwetu mtu akikuuliza hivyo anakufukuza."

Nyumbani kwetu mama humuuliza baba ataondoka lini, na baba huomba chai nyingine. Mimi nilidhani wanaume wote wanaelewa. Nilimpenda mtu yule. Nilimpenda tangu siku aliyoripoti shuleni amevaa makoti mawili, akiilalamikia baridi ya Hanang mbele ya watoto waliovaa mashati tu. Nikamwambia pale pale, bila mzaha:

"Nilikuwa nauliza ili useme hurudi."

Aliendelea kujifuta miguu, mpaka vyura wakatusahau wakaanza kulia tena. Halafu akasema mama yake ameshaambiwa, na chumba ameshakifagia. Akavaa viatu. Tulipanda pikipiki moja kurudi, yeye mbele, mimi nimeshika chuma cha nyuma, nisimguse.

Jumamosi nilimsindikiza hadi stendi ya Katesh. Aliniambia nisalimie bwawa. Nikasema nitalisalimia.

Mvua za mwaka huu nimetumwa tena Dirma, peke yangu. Korongo wamerudi. Nimewaandika kwenye fungu lao, kisha nikakaa kwenye lile jiwe, nikimngoja mtu niliyemfukuza kwa maneno ya kumtaka akae.