Mtoto wa Arobaini na Nne

Mwaka ule Justina alikuwa na watoto arobaini na watatu, na wote walikuwa wa watu wengine. Wa kwake mmoja, Kabula, alikuwa Mkula kwa bibi yake. Haikuwa mbali. Basi likiwa zima lilitoka Bariadi asubuhi na kufika mchana msafiri alikuwa ameshashuka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba haikuwa mbali, na bado alikwenda Krismasi na mwezi wa sita tu. Katikati hapo kila mara palikuwa na sababu.

Chekechea yake ilikuwa ghala la zamani la chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na mizani zao, chama kilikosa pamba, kikafunga milango, na parokia ikaliomba ghala, ikalipaka chokaa na kutandika mikeka. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mbao za paa. Kufungwa huko ndiko kulikomwachisha kazi mumewe, Mahona, aliyekuwa karani wa mizani katika kituo kingine. Alikaa nyumbani miezi minne akitazama barabara, kisha akaenda machimboni Geita. Barua zilikuja mbili. Ya tatu Justina aliisubiri hata baada ya kukubali moyoni kwamba haiji.

Wakati huo Kabula alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Masista walikuwa wakitoa mafunzo ya ualimu wa chekechea, miezi tisa, kulala hukohuko, na wenye watoto wachanga hawakupokelewa. Justina akamwachisha ziwa, akampeleka kwa mama yake, Ng'washi. Alisema atamchukua akimaliza mafunzo. Alipomaliza, akasema atamchukua akipata chumba. Chumba alipata, akasema mtoto afikishe kwanza miaka minne. Sasa Kabula alikuwa na mitano, sawa na watoto wanaokaa mikekani.

Kwa watoto wa wenzake Justina alikuwa fundi. Mtoto mgeni akiletwa analia, hakumbandua kwenye kanga ya mama yake. Alimwomba mama aingie, akae mkekani saa nzima, kesho nusu saa, keshokutwa asimame mlangoni, na siku ya kuondoka amuage mwanawe waziwazi. Mtoto aliyetorokwa mara moja, aliwaambia, atautazama mlango mwaka mzima badala ya kumtazama mwalimu. Hakumsimamia mtoto juu ya kichwa akamuuliza jina. Alichuchumaa kando, akapanga mbegu za pamba mstarini, akahesabu kwa Kisukuma, imo, ibili, idatu, na baadaye ndipo kwa Kiswahili, bila kumtazama. Mkono ukishakuja kwenye mbegu, mdomo ungefuata wenyewe. Zengo, aliyekuwa aking'ata wenziwe, hakumchapa. Alimpa kazi ya kugawa vikombe vya uji, na wiki ya pili akawa analinda foleni kama mgambo. Wazazi walipolalamika kwamba watoto wanafinyanga udongo badala ya kuandika, aliwajibu kwamba kidole kisichojua kufinyanga hakiwezi kushika penseli. Walicheka, lakini waliwaleta.

Saa sita watoto walikuja kufuatwa na watu wao. Kila mtoto alishikwa mkono na mtu, dada au shangazi au mama mwenye beseni kichwani, wakatawanyika hadi ghala likabaki na sauti ya ufagio wake. Chumbani kwake alipika ugali wa watu wawili, kwa mazoea ambayo hakujua ameyatoa wapi, akala nusu. Redio ya jirani ilitangaza vifo na salamu za watu asiowajua, naye alizisikiliza zote.

Mwezi wa sita alinunua gauni la mtumba, la njano, lenye mifuko miwili. Hakujua vipimo vya mwanawe. Alilibeba hadi darasani, akalipima kwa Minza, msichana wa umri ule ule, akamgeuza huku na huku. Minza alidhani amepewa. Alipovuliwa alilia, na siku hiyo Justina ndiye aliyeshindwa kumbembeleza.

Kule Mkula alimkuta mama yake akianua mihogo. Kabula alikuwa nyuma yake, mtoto wa miguu mirefu, kifuani amevaa kipande cha kanga. Na yote aliyoyajua Justina yakampotea pale pale. Alimsimamia, akafungua mikono, akasema njoo kwa mama. Mtoto akarudi nyuma. Justina akamshika mkono, akamvuta, na Kabula akapiga ukelele akimwita bibi yake:

"Mayu! Mayu!"

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Ng'washi alimbeba mjukuu wake mgongoni, na wala hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Muache, mwanangu," alisema. "Hakujui."

Gauni lilikuwa fupi. Kabula alikuwa mrefu kuliko Minza kwa kiganja kizima. Ng'washi alilikunja akalitia kwenye sanduku, akasema litamfaa mtoto mwingine.

Siku mbili zilizofuata Kabula alikula akimpa mgongo. Justina alisaga mtama, akachota maji, akajibu maswali ya majirani waliotaka kujua kama kweli mjini siku hizi sabuni ni za kila rangi. Watu walimwita mwalimu kwa heshima, na kila walipomwita hivyo alitamani kujificha. Kama mama mwingine angefanya vile alivyofanya yeye, angemkalisha chini amfundishe kwa upole. Na nani wa kumkalisha yeye?

Siku ya tatu alirudi na udongo wa mbugani kwenye ndoo. Aliketi upande wa kivuli wa nyumba, mbali na mlango, miguu ameinyoosha, akaanza kufinyanga ng'ombe. Hakumwita mtu. Aliposikia nyayo hakuinua macho, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia. Nyayo zilikuja, zikarudi, zikaja tena. Ng'ombe wa kwanza alianguka. Wa pili alisimama. Jua lilikuwa limeshageukia zizini aliposikia sauti juu ya bega lake, kwa Kisukuma, ya mtu aliyechoka kuvumilia ujinga.

"Pembe haziko hivyo."

"Zikoje?"

"Zinaenda nje, halafu zinarudi juu."

Kabula alimnyang'anya ng'ombe, akang'oa pembe, akatengeneza nyingine. Justina akamsogezea udongo kidogo. Hadi mbuzi wanarudi walikuwa na ng'ombe saba na ndama mmoja ambaye, kwa maelezo ya Kabula, alikuwa mgonjwa na hapaswi kuguswa. Kesho yake Kabula alikuja mwenyewe, akaketi, akasubiri udongo.

Siku ya kuondoka Ng'washi alikuwa amefunga kifurushi cha nguo za mtoto. Alisema amchukue, shule inakaribia, na yeye magoti yamekwisha. Alisema hakuwahi kujidai mama, alimshikia tu.

Justina alikitazama kile kifurushi. Mikono yake ilikitaka. Ndipo akamwomba mama yake jambo alilokuwa akiwaomba akina mama wote: aje naye mwezi wa kwanza, masomo yakianza, akae Bariadi mpaka mtoto azoee, ndipo amuage. Ng'washi alicheka, akauliza nani ataangalia mbuzi. Basi likaja. Kabula alisimama kando ya barabara kashika kanga ya bibi yake, na Justina akapanda peke yake, kifurushi kikabaki.

Tangu hapo alikwenda Mkula kila mwisho wa mwezi. Sababu za kutokwenda zilikuwepo bado, alikwenda nazo.

Mwezi wa kwanza Ng'washi alimkabidhi jirani mbuzi wake, akaja na mtoto. Alikaa siku nane. Siku mbili alikaa mkekani katikati ya watoto, akihesabu mbegu pamoja nao na kukosea makusudi. Siku mbili alikaa mlangoni, mbili nje ukutani, moja akabaki chumbani. Asubuhi ya nane alimwambia mjukuu wake kwamba anakwenda kwa mbuzi na kwamba atarudi mahindi yakikomaa. Kabula alilia mpaka saa ya uji. Kisha akashika kikombe. Justina aliandika jina lake chini ya mengine, la arobaini na nne.

Darasani wote walimwita Justina mwalimu, na Kabula akamwita hivyohivyo. Chumbani nako ikawa hivyo. Mwalimu, nina kiu. Mwalimu, moshi unaniingia machoni. Jirani mmoja alianza kumfundisha aseme mama, akimwonyesha kipande cha muwa, na Justina akamsihi aache. Mtoto alikuwa ameshajua kunawa mikono, kuhesabu hadi ishirini, na kusubiri zamu yake. Hilo neno jingine halikuwa la kufundishwa. Jioni walikula sahani moja, na ugali wa watu wawili sasa ulikwisha, lakini zilikuwepo jioni ambapo Justina aliona upweke wa kuwa na mtu ni mzito kuliko ule wa kwanza.

Mwezi wa tatu Ng'washi alikuja kama alivyoahidi, na kapu la mahindi mabichi na dagaa wa Lamadi. Kabula alimwona tangu mbali, akakimbia, akamning'inia kiunoni. Justina alibaki mlangoni mwa ghala na upawa wa uji mkononi. Mtoto alimvuta bibi yake ndani, akamwonyesha mkeka wake, akamwonyesha Zengo, akamwonyesha ng'ombe wa udongo waliokauka dirishani. Mwisho akamleta mlangoni.

"Mayu," alisema, "huyu ndiye mwalimu wangu. Nalala kwake."

Ng'washi alifungua mdomo. Justina akatikisa kichwa kidogo, basi. Akapiga goti, akamwamkia mama yake, akapokea kapu, akauliza mvua za Mkula zikoje. Ng'washi akajibu kwamba zimekuja vizuri mwaka huu. Kabula hakungoja wamalize. Alikwishatangulia mbio kuelekea chumbani, kwenda kutoa ufunguo chini ya chungu awafungulie.