Makofi ya Kuanzia

Siku darasa la watoto wenye usonji lilipofunguliwa hapa Ujiji, mkubwa mmoja wa ofisi ya elimu alisimama mbele ya wazazi akasema darasa hili halitafungwa. Nilikuwepo. Alivaa shati la bluu, na soda alikunywa mbili. Nayashika hayo yote kwa sababu watu kama yeye wanategemea sisi tusahau.

Yunisi, mjukuu wa jirani yangu Bibi Leonia, aliingizwa darasani akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Alikuwa haongei, labda neno moja kwa siku. Mama yake alivuka ziwa kwenda Kalemie kutafuta maisha, akaolewa huko, basi. Yunisi alikuwa analishwa, anaogeshwa, anafungwa kanga na bibi ambaye mwenyewe magoti yalishakwisha.

Mwalimu Winfrida hakuanza na herufi. Alileta darasani jiko la mkaa, ndoo na sufuria.

"Siku moja bibi yake hatakuwepo," aliniambia. "Nataka siku hiyo aamke, anawe, awashe jiko, apike uji wake, anywe. Akiweza hayo, hakuna wa kumfungia ndani."

Maneno yalikuwa yanamchanganya Yunisi. Mwalimu akatafuta, akakuta anachokipenda: yale makofi ya kusalimiana ya kwetu Waha, viganja vikiwa na uwazi katikati, yakipigwa taratibu huku mtu ameinama. Mwalimu akipiga, Yunisi anaanza kazi. Na akianza, hahitaji mtu tena. Anakwenda mpaka mwisho.

"Lakini siyo ya kudumu," mwalimu alimwambia Bibi Leonia. "Sasa hivi napiga kwa sauti. Baadaye nitagusanisha viganja tu. Halafu nitanyanyua mikono bila kupiga. Mwisho nakaa kimya, aanze mwenyewe. Na nyumbani iwe hivyohivyo."

"Yaani mtoto ana njaa, mimi namtazama, na mikono ninayo?"

"Ikalie, bibi."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Lakini alifanya. Asubuhi nilikuwa namwona barazani kwenye mkeka wake, mikono kaisukumia chini ya mapaja, midomo kaibana, kama mtoto aliyepewa adhabu. Na Yunisi alikuwa anachelewa, anachelewa, kisha anainuka.

Ilibaki ile hatua ya mwisho. Hapo ndipo walipomhamisha mwalimu.

Nilikwenda ofisini. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, walimu wa fani hiyo ni wachache. Huko alikopelekwa kuna uhitaji zaidi." Nikamuuliza uhitaji wa huku uliisha lini. Akaniomba nipunguze sauti. Darasa likawa stoo ya madawati yaliyovunjika. Yapo mpaka leo, nendeni mkaangalie.

Bibi Leonia alivumilia kidogo, halafu mikono ikatoka chini ya mapaja. Nani angemkataza? Asubuhi nilisikia makofi ng'ambo ya uzio, tena ya sauti kuliko zamani, kisha nasikia jiko likiburutwa. Mtoto anakula. Bibi kizee ana amani. Mimi simlaumu, na asimlaumu mtu mbele yangu.

Alifariki masika.

Watu wakaja msibani, wa Kidahwe, wa Kalinzi, na kila anayeingia anainama, anawapigia makofi wafiwa. Na kila yakipigwa, Yunisi anainuka, ananawa, anakwenda kuwasha jiko. Wanawake wanamnyang'anya sufuria. Anaingia mwingine, anapiga, Yunisi anainuka tena. Kuna waliocheka. Nawajua kwa majina.

Mjomba wake, Gasper, alitoka Kalinzi kwenye kahawa zake. Siyo mtu mbaya. Alilia mpaka sauti ikakauka.

"Nakwenda naye," alisema matanga yalipoanuliwa. "Mke wangu atamwangalia."

"Huyu anajipikia," nikamwambia.

"Mzee Nehemia, anapika akipigiwa makofi. Nani atampigia, wewe?"

"Mpe asubuhi moja tu. Tukae, tusimguse."

Akakubali. Kesho yake wageni walikuwa wameondoka. Gasper alikaa kwenye kigoda, mimi nikakaa sakafuni, nikaikalia mikono yangu. Yunisi alikuwa kakaa mbele ya jiko baridi, anautazama mkeka wa bibi yake. Jua likapanda ukuta. Chini ziwani mitumbwi ya dagaa ilishaingia, sauti za wachuuzi zilikuwa zinatufikia. Tumbo la mtoto lilinguruma, tukalisikia sote wawili. Gasper akashusha pumzi, akataka kuinuka.

Ndipo Yunisi akaleta viganja vyake pamoja, uwazi katikati, akainama kidogo, akajipigia. Polepole, kama bibi yake.

Akainuka. Akanawa. Akawasha jiko, akakoroga uji, haukuungua. Akamimina vikombe viwili. Kimoja akakiweka kwenye mkeka wa bibi, kingine akanywa.

Niligeuka kwa Gasper nikijua ameona. Alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Umeona?" akasema kwa kunong'ona. "Anajipigia makofi mwenyewe. Anampa uji marehemu. Mzee, huyu ameshachanganyikiwa."

Nilimweleza. Nimesema maneno kwenye mikutano tangu ujana wangu, lakini siku ile yalitoka hovyo, yanagongana. Nikaishia kusema, "Mwalimu wake angekuwepo, angekuelewesha."

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, ila alimuuliza asiyehusika.

Wakaondoka na pikipiki, Yunisi katikati, kanga kajifunga mwenyewe.

Kiangazi nilipanda Kalinzi kumsalimia. Nilimkuta msafi, kanenepa, hakuna anayempiga. Analishwa kwa kijiko. Anaogeshwa. Mlango wa jikoni una komeo, asije akajiunguza.

Wakwe wa Gasper walikuwa wamekaa uani, wazee wazima. Nikainama, nikawapigia makofi, nikawaamkia, "Mwakeye," kama inavyopasa.

Yunisi akainuka kwenye ngazi. Macho yalikuwa yanatafuta ndoo.

Mke wa Gasper akamwahi, akaishika mikono yake yote miwili, kwa upole kabisa. "Tulia, mama," akamwambia. "Kila kitu tumeshakufanyia."