Tochi ya Jumapili

"Mimi sijampiga mtu tangu nizaliwe. Hata kofi! Mkono wangu unajua kushika simu na paja la kuku, basi."

Hayo nayasema kila Desemba, ukoo unaporudi Machame na mbuzi kuchinjwa nyuma ya jiko. Nayasema nikiwa nimesimama, soda mkononi, na watu hucheka kabla sijamaliza, maana mchekeshaji wao ni mimi. Mwaka huu niliyasema tena. Baba mdogo Aminieli alikuwa anakatakata kwa panga ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, na binti yake Aika anapokea vipande kwenye sinia. Mbavu zinalia: ka, ka, ka. Mlio huo nimewahi kuusikia kwenye kitu kisichokuwa mbuzi.

Ilikuwa Jumanne, miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya jua kali. Baba mdogo alikuwa na pikapu ya kushusha maziwa na ndizi Moshi mjini. Dereva wake alikuwa Onesphory, kijana wa Mwika, mrefu, mpole, anayecheka taratibu kama anayeogopa kukimaliza kicheko. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, simu ninayo. Kwa hiyo nilikuwa ofisi ya mtandao ya nyumba nzima. Matokeo ya mitihani, mimi. Faini za pikapu kila mwisho wa mwezi, mimi. Unaingiza namba ya gari, unabonyeza, dhambi zake zinajipanga.

Sasa, baba mdogo ni mzee wa kanisa. Gari lake halitoki Jumapili hata ng'ombe akizaa mapacha. Na wiki ile maneno yalikuwa yamezagaa: mtu wa usharika alidai ameiona pikapu nje ya baa, Boma Ng'ombe, watu wakiwa ibadani. Baba mdogo alisimama mbele ya wazee wenzake, akaweka mkono juu ya Biblia, akakana.

"Haya, Bwana Mtandao," akaniambia, "tuone serikali inasemaje."

Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Kosa, mwendo kasiii! Mahali, Boma Ng'ombeee! Siku..."

Akaninyang'anya simu. Jumapili, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Siku hizi askari akikupiga tochi si lazima akusimamishe. Anachukua mwendo wako na namba ya gari kwa mbali, anaingiza kwenye mfumo, wewe unaendelea na muziki wako. Mtandao unalijua gari. Haumjui aliyeshika usukani.

Aliyeshika usukani nilikuwa mimi. Ufunguo niliuchomoa kwenye koti la Onesphory, lililotundikwa bandani, mwenyewe akiwa bondeni anakata majani ya ng'ombe. Boma kulikuwa na msichana aitwaye Kindness ambaye hakuamini kwamba naweza kuendesha gari. Basi.

"Nimeapa," baba mdogo alisema, kwa sauti ndogo sana. "Eliudi, nimeapa. Nani alikuwa na ufunguo?"

Nikatania. Mdomo wangu ukiogopa hutania. "Labda pikapu imechoka maziwa, ikaenda yenyewe kutafuta bia."

Hakucheka.

"Si ufunguo analala nao Onesphory?" nikaongeza.

Onesphory alikuwa anapakia madumu. Baba mdogo alichukua spana ya magurudumu kutoka nyuma ya pikapu, akampiga begani bila kumwita jina. Dumu likaanguka, maziwa yakamwagika mpaka kwenye migomba. Pigo la pili Onesphory alilikinga kwa mkono. Ka.

"Mzee, mimi nilikuwa bondeni!"

"Serikali ni mwongo? Au mwongo ni mimi?"

Majirani wawili walikuja mbio. Nilidhani wanakuja kuamua. Waliposikia habari ya Jumapili na baa, mmoja akachomoa mkanda wa feni kwenye pikipiki yake iliyojaa vyuma chakavu, mwingine akaanza kumkanyaga mgongoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki amesimama pembeni, na baba mdogo akanigeukia kunitazama.

Nikaingia.

Sikutumia mkono. Hapo ndipo majigambo yangu yanapojificha kila Desemba: mkono sikutumia. Nilimpiga teke mdomoni kwa raba yangu nyeupe. La kwanza, ili wanione. La pili, mpaka leo sijui lilikuwa la nini. Onesphory aliniangalia, damu na maziwa vikichuruzika kidevuni. Alifungua mdomo aseme kitu. Kilichotoka ni jino.

"Ruwa wangu, Mungu wangu, mnaua mtu!" Ni mama mdogo Eunike, mke wa baba mdogo, aliyejilaza juu ya Onesphory mpaka wakaacha.

Walimfunga majeraha kwa kanga, wakamlaza kwenye pikapu ile ile, baba mdogo akaendesha kwenda hospitali. Mimi nilishuka kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia migomba, nikaisugua raba kwa mchanga. Halafu nikailipa faini kwa simu yangu. Ujumbe ukaja: malipo yamepokelewa. Baba mdogo aliporudi nilimwonyesha. Akanishika bega.

"Una roho nzuri, mwanangu."

Onesphory yuko kwao Mwika. Vidole viwili havikunji, na hajaendesha gari tena.

Basi mwaka huu nikasema tena, hata kofi, na watu wakacheka tena. Aika hakucheka. Alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili.

"Na mguu, kaka Eliudi?"

Watu wakaangua kicheko. Walidhani mchekeshaji amepata mwenzake.

"Mguu gani?" nikasema.

"Wa kulia. Uliokuwa unauoshea raba kwenye mfongo." Sauti yake haikupanda. "Jumapili ile nilikuwa na homa, sikwenda kanisani. Nilikuwa dirishani. Raba hizo hizo ndizo zilizopanda pikapu."

Kicheko kilikatika kutoka benchi hadi benchi. Sikumtazama Aika, wala baba mdogo. Nilitazama soda yangu, nikasubiri ka nyingine ya panga kwenye ndafu.

Haikuja.