Folda ya Jumamosi

Maandishi mekundu yalipotokea mara ya saba kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi, Fundi alisikia raha. Haikuwa raha ya kucheka. Ilikuwa raha ya mtu aliyepata kukuna mahali palipomwasha miezi mitano.

"Imeshindikana kuhifadhi," kioo kilisema. Karani wa mapokezi akaipiga meza kwa kiganja.

"Jamani, inasoma lakini haiandiki! Majina yote nayaona, nikimhamisha mtu inakataa. Shemeji yuko wapi?"

Zamani wangeita Fundi. Sasa kliniki nzima iliita Shemeji, na jina lenyewe walilichukua kinywani mwa Fundi.

Kliniki ilikuwa na mashine sita za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimechoka, na wagonjwa arobaini na wanane waliozigawana kwa zamu. Orodha ya zamu ilikaa mtandaoni, kila mgonjwa akiiona kwa simu kabla hajatoka nyumbani. Fundi ndiye aliyeijenga miaka tisa iliyopita, yeye aliyeishia darasa la saba, aliyeajiriwa kubadilisha taa na kuzibua mabomba, akajifunza kompyuta kwa kuziharibu na kuzitengeneza. Kisha mdogo wake akaoa binti mwenye shahada ya kompyuta, na Fundi, kwa ulimi wake mwenyewe, akamwambia Matroni, msimamizi wa kliniki, "Ninaye mtu." Alijipalia makaa kwa mkono wake.

Shemeji angekuwa na maringo, Fundi angemchukia kwa raha zake. Lakini alikuwa mtu wa "shikamoo" na "pole na kazi". Kazi iliyomchukua Fundi nusu siku, yeye aliimaliza amesimama, chai haijapoa. Siku hizi Matroni akimwita Fundi, ujue kuna taa imeungua.

Fundi alimkuta kwenye chumba cha seva, kompyuta mama ya kliniki, ambacho kabla ya hapo kilikuwa stoo ya mashuka na hadi leo kilinuka sabuni. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti.

"Afadhali umekuja, shem. Nimeangalia diski, haijajaa. Faili la hifadhidata nimelikagua, ni zima. Ruhusa ya kuandika kwenye faili ipo. Sasa kinachokataa ni nini?"

"Nyie wasomi ndio mnaojua. Sisi wa kuzibua mabomba tutajulia wapi?"

"Usinitanie leo. Mgongo wote umelowa."

Fundi akaegemea mlango, akanywa chai. Alijua. Miaka tisa iliyopita ugonjwa huohuo ulimtesa siku mbili, hali, halali. Hifadhidata ya aina ile, yaani ghala la majina na zamu, kabla ya kuandika hata neno moja, huweka kwanza kifaili kidogo kando yake, kama mwashi anavyoweka karai la udongo karibu kabla ya kushika tofali. Faili lenyewe liwe wazi namna gani, folda inayolibeba ikifungwa, karai halina pa kukaa na ujenzi unasimama. Dawa yake ni amri ya mstari mmoja. Hakuwahi kuiandika popote wala kumwambia mtu. Kila mtu na akiba yake.

Matroni akaingia bila kubisha, miwani juu ya paji la uso.

"Mashine mbili zimekufa asubuhi hii. Nina watu wanane wa kuhamisha, na wa zamu ya mchana wanatoka makwao saa nne. Wasipoona mabadiliko watakuja kugombania viti. Karani anapiga simu, nusu hawapokei." Akamtazama Shemeji. "Mama, miezi yako ya majaribio inaisha Ijumaa. Barua ya kukuthibitisha iko mezani kwangu, sijaisaini. Nisaidie nikusaidie."

"Sawa, Matroni."

Mlango ukafungwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Moyo wa Fundi ukaruka kama wa mwizi aliyekuta mlango uko wazi. Hakutakiwa kumchimbia mtu shimo wala kumsema vibaya. Alitakiwa kunywa chai yake tu, polepole, kwa dakika arobaini, na chumba hiki kingerudi kuwa chake.

Ila folda haijifungi yenyewe. Nani kaifunga?

Akaishusha chai.

Juzi, Jumamosi jioni, Shemeji akiwa mapumzikoni, Fundi alifungua chumba hiki kwa ufunguo wake wa zamani. Hakuwa na nia ya kuharibu. Alitaka tu mkono wake uwemo. Akaihamishia folda ya data kwenye diski nyingine, akaipanga kama alivyoipenda enzi zake, kwa jina lake mwenyewe. Faili akalifungulia ruhusa. Mlinzi akawa mlangoni anatikisa funguo, "Mzee, nafunga!" Akatoka mbio, na folda akaiacha imefungwa. Mtu aliyeteseka siku mbili kujua jambo moja, ndilo hilohilo lililompiga mweleka.

Aliwaza kungoja Shemeji ainuke, hata kwenda kunywa maji, aketi yeye, aifungue kimyakimya na kulifuta jina lake. Shemeji hakuinuka. Kule nje, kwenye korido, sauti ya mgonjwa mmoja, mzee fundi cherehani, ilikuwa imepanda.

"Zamu ni yangu! Nimeiona kwenye simu, nikapanda magari mawili na miguu hii! Itazame, imejaa kama mito!"

"Na mimi nimeiona, baba," mwanamke alimjibu. "Tukae wawili kiti kimoja?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Angalia folda," Fundi alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kama si yake. "Acha faili. Folda yenyewe."

Vidole vya Shemeji vikaandika. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo, na wote wawili wakausoma: jina la Fundi, Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni.

Feni ya seva ilivuma. Fundi alisubiri Shemeji ageuke. Alikuwa tayari kwa hasira, alikuwa hata na jibu la hasira hiyo. Shemeji akaandika neno moja fupi na kioo chote kikafutika, kikawa cheusi kitupu. Halafu akaandika amri ya kuifungua folda, bila kumwuliza mtu.

"Imekubali!" karani akapiga kelele mapokezi. "Jamani imekubali!"

Matroni akarudi akihema. "Ilikuwa nini?"

"Ruhusa ya folda," Shemeji alisema. "Fundi ndiye aliyejua. Mimi ningekesha hapa."

"Unaona!" Matroni akampiga Fundi begani. "Ya kale dhahabu! Nilisahau kama tuna dhahabu ndani." Kisha akamgeukia Shemeji, na sauti yake ikapoa. "Wewe ile barua niachie kwanza. Folda tu, mama, hadi mzee wa mabomba akuonyeshe? Nitalifikiria."

"Sawa, Matroni."

Hizi ndizo sifa alizozililia Fundi miezi mitano, na sasa zilimkaa begani kama mkono wa mtu asiyemfahamu. Alimtazama Shemeji akivuta karatasi za karani ili aziingize. Hakununa wala hakujifanya mtakatifu. Alikuwa anatafuta kalamu. Shahada angeweza kumsamehe. Shahada hununuliwa kwa miaka. Hiki kingine, cha kumsitiri mtu, kilisomewa wapi? Wivu uliomjia sasa ulikuwa mkali kuliko wa mwanzo, na haukuwa na pa kuuma isipokuwa ndani.

"Nisomee majina, shem, twende haraka," alisema Shemeji.

Fundi akavuta kiti. Akasoma jina la kwanza, kiti namba tatu. La pili, kiti namba tano. Matroni alikuwa bado mlangoni, simu sikioni, akimwambia mtu kwamba mambo yametengemaa. Jina la tatu lilikuwa la mzee fundi cherehani. Fundi akalisoma bila namba ya kiti.

"Kiti namba ngapi?"

"Jumamosi nilikuja hapa," Fundi alisema.

Vidole vya Shemeji vikasimama juu ya herufi. "Shem, kiti namba ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Namba moja." Akaiweka karatasi mezani, akainuka, akapandisha sauti hadi ikafika mlangoni. "Matroni. Ukimaliza hiyo simu."

Matroni akainua kidole kimoja, kumwambia asubiri. Fundi akasubiri, amesimama.